Je, Madhehebu Mapya ni Sehemu ya Kanisa la Kihistoria? Ulinganisho wa Vipimo Vinne

Swali la kama madhehebu mapya ya Kikristo ni sehemu ya Kanisa la kihistoria huwafikia watu ambao hawajawahi kuingia darasa la teolojia. Huzuka pale binti wa Kikatoliki anapochumbiwa na kijana wa Kipentekoste na wazazi wakauliza ndoa itafungwa wapi. Huzuka pale Mlutheri aliyebatizwa akiwa mtoto anapoambiwa kwamba hajabatizwa bado mpaka azamishwe katika maji mengi, na huzuka pale mtu aliyehama kanisa la wazazi wake anapojiuliza kama watu aliowaacha na watu aliowaendea bado ni watu wa nyumba moja. Anayetaka kujibu kwa haki lazima ajue kwanza anatumia kipimo gani, kwa kuwa watu wawili wanaopingana vikali kuhusu dhehebu fulani mara nyingi wanakubaliana juu ya kila jambo lihusulo dhehebu hilo, ila hawakubaliani ni nini kinacholifanya kundi la waamini liitwe Kanisa.

Vipimo vinavyotumika zaidi ni vinne: mfululizo wa maaskofu tangu mitume, mahubiri ya Injili na utoaji wa sakramenti, ubatizo pamoja na imani ya Utatu, na uzima wa Roho unaodhihirika kwa waamini. Kila kimoja kina hoja nzito, na kila kimoja kina mahali kinaposhindwa. Ninaandika nikiwa Mlutheri niliyebatizwa utotoni, mwenye ndugu wa damu katika Kanisa Katoliki na katika makanisa ya Kipentekoste, na msomaji anastahili kulijua hilo kabla ya kuupima uamuzi wangu.

Mfululizo wa maaskofu

Karibu mwaka 180, Ireneo, askofu wa Lyon, alipokuwa akipambana na walimu waliodai kuwa na elimu ya siri iliyotoka kwa mitume, aliwajibu kwa kuwaorodhesha maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine. Alisema kwamba kama mitume wangekuwa na mafundisho ya siri, wangewakabidhi kwanza wale waliowaachia makanisa, na watu hao walijulikana kwa majina. Kutokana na hoja ya namna hiyo, Wakristo wengi wameshika kwamba Kanisa la kihistoria hutambulikana kwa askofu aliyewekewa mikono na maaskofu ambao nao waliwekewa mikono na waliowatangulia, mpaka kuwafikia mitume.

Kanisa Katoliki linashikilia kipimo hiki hadi leo, ingawa si kwa ukali ambao wengi hulidhania. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, ambao Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika alikuwa miongoni mwa mababa wake, ulitoa tarehe 21 Novemba 1964 hati juu ya Kanisa na hati juu ya umoja wa Wakristo. Humo ulifundisha kwamba Kanisa la Kristo limo katika Kanisa Katoliki, na papo hapo ukakiri kwamba mambo mengi ya utakatifu na ya kweli hupatikana nje ya mipaka yake inayoonekana, na kwamba waliobatizwa kihalali wamo katika ushirika fulani nalo, hata kama ushirika huo haujakamilika. Tamko la Dominus Iesus la mwaka 2000 lilirudia tofauti iliyowaumiza Waprotestanti wengi: wanaohifadhi uaskofu halali na Ekaristi halali, kama Waorthodoksi, ni Makanisa ya kweli, lakini wale ambao kwa mtazamo wa Roma hawakuvihifadhi ni jumuiya za kikanisa tu. Waorthodoksi kwa upande wao husema kwamba Kanisa ni moja nalo ni la Kiorthodoksi. Baraza lao lililokutana Krete mwaka 2016 lilikubali jina la kihistoria la makanisa yasiyo katika ushirika nao, na hata hilo liliwashinda baadhi ya maaskofu kulitia sahihi.

Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba kinamfunga kiongozi. Askofu hajitawazi mwenyewe, na akianza kufundisha jambo geni, wapo wenzake wenye mamlaka ya kumwita na kumhoji. Udhaifu wake ni kwamba wale wenye mfululizo usiotiliwa shaka wamegawanyika wao kwa wao. Kanisa la Ethiopia, ambalo askofu wake wa kwanza, Frumensyo, aliwekwa wakfu na Athanasi wa Aleksandria katika karne ya 4, halimo katika ushirika na Roma wala na Konstantinopoli, kwa kuwa lilikuwa pamoja na Wakopti, Wakristo wa Misri, walioukataa Mtaguso wa Kalkedonia wa 451. Roma na Konstantinopoli nazo hazishiriki Meza moja tangu mpasuko ambao kwa kawaida huwekewa mwaka 1054. Anayesema “rudini kwenye Kanisa la mitume” analazimika kueleza ni lipi kati ya hayo.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Kikuyu, Kenya, Juni 1913. Wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana katika misheni ya Waskoti kutafuta shirikisho, maana waliona Waafrika waliobatizwa wakihama kutoka eneo la misheni moja kwenda la nyingine na kugeuzwa wageni kwa sababu ya magomvi yaliyoanza Ulaya kabla babu zao hawajalisikia jina la Yesu. Mkutano ulipomalizika, Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wajumbe wengi wasio Waanglikana wakashiriki. Habari zilipomfikia Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alimtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awalazimishe Peel na mwenzake Willis wa Uganda wakane jambo hilo au washtakiwe kwa uzushi. Davidson alikataa kufungua kesi ya uzushi. Jibu lililotolewa mwaka 1915 liliruhusu wachungaji wa madhehebu mengine kualikwa kuhubiri, lakini likataka ibada ya namna ile isirudiwe.

Weston hakuwa mtu wa chuki. Ni yeye huyo aliyepinga hadharani kazi za shuruti walizofanyishwa Waafrika nchini Kenya, na waamini wake wa Zanzibar na bara walimpenda. Lakini mwaka 1896, miaka 17 kabla ya Kikuyu, Papa Leo XIII alikuwa ametamka kwamba madaraja ya Kianglikana, yaani uaskofu na upadri wao, ni batili kabisa. Kwa kipimo alichowapimia Wapresbiteri, Weston mwenyewe alikuwa amekwisha kupimwa na kukataliwa, na hakukubali kwamba kanisa lake si Kanisa. Naliona hilo kuwa onyo kubwa kwa kila anayetaka kukitumia kipimo hiki peke yake.

Injili na sakramenti

Wanamatengenezo wa Ujerumani, ambao maaskofu wachache mno waliwaunga mkono, walilitambua Kanisa kwa alama nyingine. Kifungu cha 7 cha Ungamo la Augsburg la 1530 kinafundisha kwamba Kanisa moja takatifu litadumu milele, kwamba ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na sakramenti hutolewa kwa usahihi, na kwamba kukubaliana katika hayo kunatosha kwa umoja wa kweli. Wengi hunukuu sehemu ya pili na kuiruka ya kwanza, nayo ndiyo inayohusu mada hii: Walutheri wa mwanzo hawakudai kwamba Kanisa lilikufa na kwamba wao walikuwa wakilianzisha upya. Walidai kwamba lilikuwapo karne zote, chini ya mapapa na katikati ya makosa waliyoyapinga, na ndiyo sababu waliendelea kubatiza watoto, kukiri Imani ya Nikea na kuwasoma mababa wa Kanisa kama mali yao wenyewe.

Kipimo hiki kinakitendea haki kijiji kisicho na askofu, ambacho mwinjilisti ameshika Biblia na kufundisha watu kwa miaka mingi. Tatizo ni nani atakayeamua kwamba Injili inafundishwa kwa usafi. Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walipokutana Marburg mwaka 1529 walikubaliana vifungu 14 kati ya 15, wakaachana kwa sehemu ya kile cha 15, juu ya namna Kristo alivyopo katika Meza ya Bwana. Tangu hapo karibu kila dhehebu jipya limetoka katika lililolitangulia kwa kutumia hoja ileile ya usafi.

Inafaa kukumbuka kwamba mpaka kati ya “kale” na “jipya” hauko pale watu wanapouweka. Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891 na ambao wengi huwahesabu pamoja na matawi madogo ya Uprotestanti, wana mizizi katika undugu ulioanzishwa Kunwald, Bohemia, mwaka 1457 na wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Ni wazee kuliko hoja za Luther za 1517 kwa miaka 60. Kanisa la Sweden, lililomtoa Bengt Sundkler kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Buhaya ambalo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT, lilipita katika Matengenezo bila kuukata mfululizo wake wa maaskofu. Na tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni walitia sahihi, huko Augsburg, tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, ambamo wanakiri kwamba laana walizotupiana katika karne ya 16 haziyahusu mafundisho kama yalivyoelezwa katika tamko hilo.

Ubatizo na imani ya Utatu

Kipimo cha tatu kilitengenezwa Afrika. Katika miaka ya 250, Sipriani, askofu wa Karthago, alishika kwamba ubatizo unaotolewa na waliojitenga si kitu, na anayetoka kwao lazima abatizwe. Ndiye aliyeandika kwamba hawezi kuwa na Mungu kuwa Baba yake mtu asiye na Kanisa kuwa mama yake. Stefano, askofu wa Roma, alikataa: aliyebatizwa kwao apokewe kwa kuwekewa mikono tu. Sipriani alikufa shahidi mwaka 258 bila kubadili msimamo, na karne moja na nusu baadaye Wadonato, kundi kubwa la Afrika Kaskazini lililojiona kuwa ndilo pekee lililobaki safi baada ya dhuluma za dola ya Kirumi, walimfanya kuwa mtetezi wao.

Aliyewajibu alikuwa Mwafrika mwenzao, Augustino wa Hippo. Alisema kwamba Petro akibatiza, Kristo ndiye abatizaye, na hata Yuda akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Utakatifu wa sakramenti hautoki kwa anayeitoa, kwa hiyo hauwezi kuchafuliwa naye. Hata hivyo Augustino hakuwaambia Wadonato kwamba basi hakuna tatizo. Alisema kwamba wana ubatizo wa Kanisa lakini wameuchukua nje ya upendo wa Kanisa, na kwamba karama hiyo haitawafaa mpaka warudi kwenye umoja. Ninaona kwamba tangu siku hizo hadi leo hakuna aliyeliweka jambo hili vizuri zaidi: mtu aweza kuwa na kilicho cha Kanisa, akawa ndugu kweli, na bado akawa na deni la umoja asilolilipa.

Kipimo hiki ndicho kilichowakutanisha wengi katika karne iliyopita. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1920 walitamka kwamba wote wamwaminio Bwana Yesu Kristo na kubatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu ni washiriki pamoja nao wa Kanisa la ulimwengu wote, na Frank Weston wa Zanzibar, yuleyule wa mgogoro wa Kikuyu, aliliunga mkono tamko hilo. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lililoundwa Amsterdam mwaka 1948, liliongeza imani ya Utatu katika msingi wake mwaka 1961 huko New Delhi. Kanisa Katoliki linapompokea Mlutheri, Mwanglikana au Mmoraviani halimbatizi tena. Mtu huyo hukiri imani, akapokea kipaimara na Ekaristi.

Kipimo hiki pia kina makali. Mashahidi wa Yehova hawamkiri Kristo kuwa Mungu sawa na Baba, na kwa kipimo hiki wako nje. Wao wenyewe hawaombi kuhesabiwa ndani. Kuhusu Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830, Roma ilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wake si halali, ingawa maneno yanayotamkwa yanafanana na ya Wakristo wengine, kwa kuwa mafundisho yake juu ya Baba, Mwana na Roho ni mengine kabisa. Miongoni mwa Wapentekoste nako, wale wa “Jina la Yesu pekee” wanaokana nafsi tatu waliachana na Assemblies of God mwaka 1916, miaka miwili tu baada ya ushirika huo kuundwa, na wengi wa Wapentekoste wa Afrika Mashariki wako upande wa Utatu pamoja na Nikea. Mtu anayewahukumu Wapentekoste wote kwa jumla hajajisumbua kuuliza jambo hili la kwanza kabisa.

Uzima wa Roho

Mpentekoste akiulizwa kama kanisa lake ni la kihistoria, huenda asione uzito wa swali. Yeye huuliza kama watu wameokoka, kama Roho anatenda kazi, kama walevi wanaacha pombe na wagonjwa wanaombewa. Ibada za Azusa Street, Los Angeles, zilizoanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, zilimaanisha kwake na kwa wenzake kwamba Pentekoste ya Matendo ya Mitume haikuisha. Siwezi kulidharau dai hilo. Kanisa lenye orodha ndefu ya maaskofu na watu waliolala usingizi lina jambo la kujifunza hapo, na makanisa yetu ya zamani yameimba, yameomba na kuhubiri tofauti kwa sababu ya Wapentekoste waliokuwa jirani.

Lakini ndani ya kipimo hiki mna mambo mawili yasiyofanana ambayo huchanganywa. Moja ni uamsho, yaani imani kwamba Kanisa lililokuwapo limechoka na Mungu analihuisha. La pili ni urejesho, yaani imani kwamba Kanisa lilitoweka baada ya mitume na likarudishwa na mwanzilishi wetu. Anayehubiri uamsho anakiri kwamba Biblia anayoisoma, Utatu anaoukiri na jina la Yesu lenyewe vilimfikia kwa mikono ya watu wa karne zote zilizopita. Anayehubiri urejesho kamili amejitoa mwenyewe katika Kanisa la kihistoria, maana amesema kwamba hakukuwa na Kanisa la kuunganishwa nalo, na ahadi ya Kristo kwamba milango ya kuzimu haitalishinda imebaki kwake bila maana kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waadventista Wasabato, kanisa lililoundwa mwaka 1863 na kufika Upare mwaka 1903, wamesimama katikati: wanajiita watu wa masalio, yaani wachache waliobaki waaminifu, lakini mafundisho yao rasmi yanakiri kwamba Kanisa la ulimwengu wote ni la wote wamwaminio Kristo kwa kweli, na kwamba Mungu ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ingawa baadhi ya waanzilishi wao waliupinga Utatu. Ninawahesabu kuwa ndani, nikitofautiana nao katika mambo mazito.

Njia tatu walizopita jirani zetu

Vipimo huonekana vizuri zaidi pale watu walipolazimika kuchagua. Katika Afrika Mashariki na Kati yapo makundi matatu yaliyokabiliwa na swali hili, na yakaenda njia tatu.

La kwanza ni la walokole. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulikuwa na kila sababu ya kuzaa dhehebu: watu waliotubu dhambi hadharani, walioimba pamoja bila kujali kabila, na waliowakemea wachungaji wao wazi. Mivutano ilikuwapo na wengine walifukuzwa vyuoni na makanisani. Hata hivyo walio wengi walibaki ndani ya Uanglikana na Ulutheri, wakayabadilisha makanisa hayo mpaka baadhi yao wakawa maaskofu. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, alikuwa mtoto wa uamsho huo.

La pili ni la Reuben Mukasa Spartas wa Uganda. Mwaka 1929 alitangaza kuuacha Uanglikana na kujiunga na Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, lililokuwa limeanzishwa Marekani na watu weusi waliochoka kutawaliwa na wazungu kanisani. Mwaka 1932 alipewa upadri na Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, ambaye baadaye alifanya kazi hiyohiyo Kenya miongoni mwa Wakikuyu waliojitenga na misheni. Spartas alitaka kanisa huru, lakini alitaka liwe Kanisa la mitume kweli. Alipotambua kwamba uaskofu wa Alexander haukutambuliwa na Waorthodoksi wa kale, hakulazimisha jambo. Alimwandikia Patriaki wa Aleksandria, akasaidiwa na Arkimandriti Nikodemus Sarikas aliyekuwa akiwahudumia Wagiriki wa Tanganyika, na mwaka 1946 Aleksandria ikawapokea. Kenya njia ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu serikali ya kikoloni ililipiga marufuku kanisa lao wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, na seminari ya Riruta, Nairobi, iliyoasisiwa na Askofu Mkuu Makarios wa Kipro alipokuja mwaka 1971, ilifunguliwa mwaka 1982. Historia hii inanigusa kuliko zote nilizozitaja. Inaonyesha kwamba kundi lililoanza kwa kujitenga linaweza kutafuta mizizi bila kuupoteza Uafrika wake, na kwamba kiti cha kale kilichoketiwa na Athanasi kinaweza kulipokea.

La tatu ni la Simon Kimbangu wa Kongo. Mahubiri yake ya mwaka 1921 huko Nkamba yalidumu miezi michache tu kabla Wabelgiji hawajamfunga, naye akafia gerezani mwaka 1951. Mwenyewe alimhubiri Kristo, na kanisa lililokua chini ya jina lake lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969. Baadaye mafundisho kwamba Kimbangu ndiye Roho Mtakatifu aliyetwaa mwili yakakubaliwa rasmi ndani yake, na mwaka 2021 uanachama huo ukakoma. Kanisa lilelile, lenye mateso ya kweli na nidhamu ya kuvutia, lilikuwa ndani kwa kipimo cha Utatu na likatoka kwa kipimo hichohicho. Upya wake haukulitoa, wala Uafrika wake.

Kwa anayechagua

Nikilinganisha vipimo hivi vinne, nashika kwamba ubatizo na imani ya Utatu ndivyo vinavyoonyesha nani yumo ndani ya Kanisa la kihistoria, na kwamba vile vingine vitatu vinaonyesha jinsi alivyomo: kwa ukamilifu kiasi gani, kwa afya kiasi gani, na kwa deni gani. Mkatoliki ataniambia kwamba nimeupunguza uaskofu, na nakubali kwamba hoja yake ina uzito ambao kanisa langu halijaujibu kikamilifu. Sikubali, hata hivyo, kwamba bibi kizee wa Kipentekoste anayemwomba Baba kwa jina la Mwana katika Roho, akiwa amebatizwa kwa jina hilo, ni mgeni katika nyumba ya Sipriani na Augustino.

Kwa makanisa mengi yanayofunguliwa leo katika miji yetu, yenye nabii mmoja, ukumbi wa kukodi na mafuta ya upako, kukiri Utatu huwa si tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kumhoji kiongozi. Hapo kipimo cha Ireneo kinarudi kwa nguvu. Msiba wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ulituonyesha mahali ambapo mamlaka ya mhubiri mmoja asiyewajibika kwa kanisa lolote yanaweza kufika. Haki inadai niseme pia kwamba mfululizo wa maaskofu haukuwaokoa watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyarubuye nchini Rwanda mwaka 1994, wakauawa humo na majirani waliobatizwa kama wao. Muundo wa kumwajibisha kiongozi ni lazima, nao hautoshi.

Kwa hiyo mtu anayefikiria kujiunga na dhehebu jipya, au kumwozesha mwanawe huko, aulize mambo manne kwa utulivu na asikilize majibu yote mpaka mwisho. Wanambatiza mtu kwa jina la nani, na wanaamini nini juu ya hilo jina? Wanasema nini juu ya Wakristo walioishi kati ya mitume na mwanzilishi wao? Kiongozi wao akikosea, ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa? Na wanawahesabuje Wakristo wa kanisa la jirani, kuwa ndugu au kuwa windo?

Swali la ubatizo wa pili ndilo litakaloleta machozi zaidi nyumbani. Mbaptisti au Mpentekoste anayeamini kwa dhamiri kwamba ubatizo ni wa aliyekwisha kuamini ana hoja ya Kibiblia ya kujadiliwa kwa heshima, na hati ya Lima ya 1982 juu ya ubatizo, Ekaristi na huduma iliyawekea makanisa njia ya kukutana: wanaobatiza watoto wautilie mkazo ukiri wa imani atakapokua, na wanaobatiza watu wazima wajiepushe na tendo lolote linaloweza kueleweka kuwa ni kubatiza mara ya pili. Ningemshauri kijana wa Kilutheri au wa Kikatoliki anayetaka kuoa katika kanisa la Kipentekoste amwombe mchungaji wa huko akubali ukiri wake wa imani mbele ya kusanyiko badala ya kumzamisha, na amweleze kwamba wazazi wake waliomleta kwenye maji akiwa mchanga walimleta kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wapo wachungaji watakaokataa. Wapo pia watakaokubali, na kwa hao ndoa inaweza kupangwa na pande zote mbili zikaketi meza moja kuzungumzia mahari.